Aliyepewa Bendera

"Hivi Teofili, umepandishwa cheo?"

Aliyeuliza hivyo ni Agnella, jirani wa Lipangalala anayekaanga vitumbua karibu na reli. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka huu wa 1996. Kwa miaka mingi alizoea kumwona Teofili Matanji akipita asubuhi na mtaimbo begani. Ghafla akaanza kumwona anapita na bendera nyekundu na filimbi tu, kama bwana mkubwa.

Teofili alicheka, akanunua vitumbua vyake, akaenda zake. Agnella akabaki anamwangalia anavyotembea.

"Mtu aliyepanda cheo hatembei vile," anasema Agnella. "Alikuwa kama anakanyaga mayai. Nikajua hapa pana jambo."

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa bonde la Kilombero bado umelala juu ya mabua ya mpunga. Teofili ameketi kwenye gogo nje ya nyumba yake, anafunga mguu wa kulia kwa kipande cha kanga kuukuu. Anaanza kwenye vidole, anapanda taratibu hadi juu ya kifundo. Mkewe, Katarina, anashika ncha ya kitambaa mpaka fundo likaze. Wameshazoea.

Mguu wenyewe hauangalii mbele. Unaangalia pembeni, kama mtu aliyeitwa njiani akageuka.

Halafu anavaa viatu. Cha kulia ni kikubwa kuliko cha kushoto.

"Hiki cha kushoto ni changu," anaeleza. "Cha kulia ni cha Ngusa, mwenzangu wa kikosi. Changu kilikatwa."

Teofili ana miaka arobaini na mmoja, na kumi na saba kati ya hiyo ameimalizia kwenye kikosi cha kutunza njia ya reli. Watu kumi na wawili wanatembea na kipande chao cha reli, wanakaza kilicholegea, wanarudisha kokoto pale mvua ilipozichukua. Wakiwa wameinama kazini hawaoni mbali. Ndiyo maana mmoja husimama peke yake kwenye kona, na bendera na filimbi, akitazama treni.

Kazi ya bendera ilikuwa ya zamu. Lakini kwenye kikosi chao bendera ina kazi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Mtu akiumia, wenzake humpa bendera. Anasimama nayo mpaka apone, na wao wanagawana kazi yake. Ofisini hakuna anayeambiwa.

"Ni upendo," anasema Teofili. "Usione ni ubaya. Siku hizi wafanyakazi wanapunguzwa. Kila mtu anaogopa, na wa kwanza kuondoka ni nani kama si mgonjwa? Basi wenzako wanakuficha nyuma ya bendera. Mimi mwenyewe nimewahi kumbebea mtu kazi yake mpaka akapona."

Tena kikosi kisicho na majeruhi hupewa gunia la sukari mwisho wa mwaka. Kikosi chao kimelipata mara nne mfululizo.

"Hata mimi nimekunywa chai ya sukari hiyo," anaingilia Katarina kutoka jikoni. "Ilikuwa tamu. Sikujua inatoka kwenye miguu ya watu."

Mguu wa Teofili uliumia mwezi wa tano, masika yalipokuwa yanaondoka. Maji yalikuwa yamekula kokoto karibu na kalavati. Wakainua njia kwa jeki ili wajaze chini yake. Mawe yalikuwa na utelezi. Jeki ikachomoka, na reli ikashuka na mataruma yake, zile nguzo za zege zinazoibeba, taruma moja likatua juu ya mguu wake.

Ngusa, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Mngeta na ng'ombe, ndiye aliyekata kiatu kwa kisu chake cha kuchunia.

"Nilimwambia, kaka Teo, tulia, nimeshachuna madume makubwa kuliko wewe," anakumbuka Ngusa. "Akanitukana. Nikasema, afadhali, mtu anayetukana hafi."

Kasmiri, nyapara wa kikosi, aliuangalia mguu. Kisha akaitoa bendera kwenye mkoba wake, akamwekea Teofili mapajani.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ingawa siku ile hakuna aliyeliona kuwa kosa. Walimpeleka kwa bibi mmoja anayeunga mifupa, maana hospitalini wangeulizwa. Baada ya majuma mawili mguu ukavimba zaidi, ikabidi wampeleke hospitalini hivyo hivyo. Daktari akauliza, umeumia wapi? Teofili akajibu kama walivyokubaliana njiani.

"Nikasema shambani. Nimeangukiwa na gogo nikifyeka. Neno moja tu, shambani. Lilitoka mdomoni kirahisi, nikadhani limeisha."

Halikuisha. Daktari amekwishamwambia kwamba mfupa umeunga upande. Inabidi uvunjwe tena na kunyooshwa Dar es Salaam. Ukiachwa hadi masika mengine, hautanyooka tena. Safari hiyo na matibabu hayo ni juu ya shirika la reli kama ameumia kazini, na akirudi ana haki ya kutafutiwa kazi ya kukaa. Kama ameumia shambani, ni shauri lake yeye na shamba lake.

Mtu angeuliza, kama bendera inawahifadhi, kwa nini asiendelee kuishika tu? Jibu lilikuja mwezi wa saba.

Anayeshika bendera ndiye anayekwenda mbali kuliko wote. Lazima aipite kona ili aione treni mapema, kisha apige filimbi na kushuka kwenye tuta. Siku hiyo treni ya mizigo ilikuja kutoka upande wa Mlimba. Teofili alipiga filimbi, wenzake wote wakatoka njiani. Yeye mguu ukanasa kwenye kokoto. Ngusa alikimbia akamvuta shati, wakabingirika pamoja mpaka kwenye matete.

"Treni ilipopita nikakaa pale chini nikamshukuru Mungu," anasema Teofili. "Halafu nikawaza. Mimi ndiye macho yao. Na mimi ndiye nisiyeweza kukimbia. Sasa tunamficha nani, na kutoka kwa nani?"

Tangu siku hiyo alianza kusema. Alisafiri mpaka Mlimba kumwona mtu wa chama cha wafanyakazi. Aliyoyasikia huko anawarudia vijana wa kikosi kila wanapopumzika, wapende wasipende.

"Ukiumia, sema siku hiyo hiyo. Usilale nalo. Mwambie nyapara, na ukitoka kwa nyapara mwambie bwana stesheni, hata kama ni ukucha tu. Shika majina ya waliokuwapo, wawe mashahidi wako. Usipitie nyumbani, nenda hospitali, na ukiulizwa umeumia wapi, sema reli. Ukisema uongo pale kwa daktari, uongo huo ndio utakaotangulia kila mahali utakapokwenda."

Vijana wanamtania. Wamempa jina la Katekista. Ngusa peke yake hatanii, maana alikwishakwenda mwenyewe ofisini kusema alichokiona.

"Wakanisikiliza vizuri," anasema. "Wakaniuliza, wewe ni kibarua, nyapara wako anasemaje? Nikaona neno la nyapara si langu kulisema. Ng'ombe ni wa baba, mtoto hauzi."

Bwana stesheni naye hana ubishi. Anachotaka ni nyapara aje aseme kwa mdomo wake kwamba mtu wake aliumia kazini. Basi. Mguu wa Teofili sasa umebaki kwenye mdomo wa mtu mmoja.

Na mtu huyo si adui. Kasmiri ndiye msimamizi wa ubatizo wa mtoto wao wa kwanza. Tangu ajali hajakosa Jumapili hata moja kuja kumwona mgonjwa, na kila mara huja na samaki.

Jumapili hii, baada ya misa ya kwanza, anabisha tena. Ni mtu mfupi, kofia ya reli kichwani hata siku ya Bwana. Mkononi ana kambale wawili waliotungwa kwenye ukindu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, shemeji," anasema Katarina. Anampa kigoda. Wale samaki yeye hawapokei.

Kasmiri anakaa nao mkononi. Wanaongea habari za mpunga, za mama yake Kasmiri anayeumwa kule Masagati, za homilia ya padri iliyorefuka. Samaki wanadondosha maji kwenye vumbi. Kuku anasogea kuangalia.

"Shemeji, hawa wataharibika," anasema Kasmiri hatimaye.

"Wataharibika," anakubali Katarina. "Samaki wako tumekula wengi, na Mungu akubariki. Lakini tunakula sisi. Mguu haujala."

Kasmiri anamgeukia Teofili. "Kaka, unajua ninavyokupenda."

"Najua."

"Nikisema sasa, wataniuliza mbona sikusema mwezi wa tano. Wataniuliza na habari za wale wengine walioumia. Bendera ile sikukupa wewe wa kwanza."

"Najua. Hata mimi niliishangilia ilipopewa wengine."

"Nimebakiza miaka mitatu nistaafu."

Teofili anainama, anafungua kanga mguuni, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mguu unabaki wazi kati yao wawili, ukiangalia pembeni.

"Sina hamu ya kukuona umefukuzwa, kaka," anasema. "Wala sitaki fedha ya kujengea ghorofa. Nataka kwenda Dar, ninyooshwe, nirudi nikae kwenye lango la stesheni nifungue na kufunga. Na kijana mwingine akiumia, asipewe bendera. Ni hilo tu. Ila lazima nikuulize mara moja, mbele ya mama wa mtoto wako wa ubatizo. Mguu huu uliumia wapi?"

Katarina amesimama mlangoni, rozari ya misa bado imezungushwa kiganjani. Kuku amekwishafika karibu kabisa na samaki, hakuna anayemfukuza.

Kasmiri anautazama mguu. Anavua kofia, anaipangusa, anaivaa tena. Kisha anainuka.

Haagi. Njia ya kwake ni kushoto, kwenye mgomba wa Agnella. Anafika hapo, anasimama kidogo, halafu anakata kulia kuelekea stesheni, samaki wakiwa bado wananing'inia mkononi mwake.