Kikohozi cha Baba Mkwe

Nesi alisema nitambae, nami nikakataa. Leo nacheka, lakini siku ile kule kliniki sikuwa na kicheko.

Ilikuwa miaka ya sabini, reli mpya imeanza kupita Iyunga, hapa Mbeya, na mume wangu alikuwa amepata kazi relini pamoja na kota ya vyumba viwili. Yeye Mnyakyusa wa Tukuyu, mimi Mhehe wa Iringa, na mdomo ninao, sikatai. Mimba ilikuwa ya kwanza, imeingia mwezi wa nane. Nesi, mama mnene mwenye mikono ya baridi, alinibonyeza tumbo juu, akanibonyeza chini, akaweka kile kipembe chake cha mbao, akasikiliza, akaguna.

"Mtoto wako amekaa," akasema. "Kichwa hiki hapa, mbavuni. Amekaa kitako kama mwenyekiti wa kijiji."

Dada yangu mkubwa, mtoto wake alikaa hivyohivyo. Alijifungulia nyumbani, mtoto akatanguliza matako, kichwa kikakwama. Dada alipona. Mtoto tulimzika karibu na mianzi ya baba, na dada hakushika mimba tena. Nilimweleza nesi habari hiyo huku nalia.

"Usinililie hapa," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Nafasi bado ipo. Wengine wanageuka wenyewe. Ila na wewe msaidie. Piga magoti, weka mikono chini, tumbo lining'inie. Deki nyumba hivyo, tambaa hivyo asubuhi na jioni. Na hayo makochi yenu ya siku hizi, usiegemee humo kutwa nzima. Kliniki ijayo nikikuta bado amekaa, utakwenda hospitali kubwa, na huko pengine ni kisu."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Tukuyu kungoja mjukuu. Hapohapo akaniwekea ndoo na tambara. Nikapiga magoti, nikaanza kudeki, tumbo linaning'inia. Jirani akaingia kuomba chumvi. Akanikuta vile, akacheka mpaka akashika mlango. Jioni bombani wanawake wote walikuwa na habari. "Eti mwenzetu siku hizi anakula majani?"

Basi, nikaapa. Mimi si ng'ombe, nikamwambia mama mkwe, nitadeki kwa fimbo kama watu wengine.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," akasema, naye mama wa kanisa kabisa.

Hofu ninayo, jamani. Kila nilipojilaza nilikishika kile kichwa kigumu chini ya mbavu, nikamwona dada yangu. Lakini aibu nayo ni kitu kibaya. Nikisema sasa natambaa, nasikia kile kicheko cha mlangoni, naahirisha mpaka kesho.

Hapo ndipo baba mkwe alipokuja mjini kutazamwa macho.

Kwetu Iringa, baba mkwe unampigia magoti, unamsalimia, unampa maji ya kunywa, mambo yameisha. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule haikuwa hivyo. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawajagombana, ndiyo heshima yenyewe: usimtazame, usimsemeshe, usikatize mbele yake. Ukisikia anakuja, ujifiche, na ukikosa pa kujificha uiname mpaka apite. Naye mzee akikaribia, anakohoa ili upate nafasi. Tangu niolewe nilikuwa nimeuona mgongo wake tu, kwa mbali, na lile koti lake refu jeusi.

Nyumbani kwetu hakuweza kulala. Alifikia kwa ndugu wa ukoo wao, kota ya jirani. Akawekewa kiti barazani, na baraza ile inatazama uani kwetu moja kwa moja. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa matofali unaonifika kiunoni. Jiko liko uani. Choo kiko uani. Mungu wangu, mjamzito wa miezi minane na choo!

Asubuhi ya kwanza nimetoa mguu mmoja tu nje, nikasikia, "Kho! Kho!"

"Shuka, mwanangu, shuka!" mama mkwe akanong'ona.

Nikashuka. Nilijaribu kwenda nimechuchumaa, lakini kwa tumbo lile nilikuwa naelekea kuanguka kifudifudi. Ikabidi mikono na magoti. Nikaufuata ukuta mpaka chooni, nikarudi vilevile, nimekasirika mpaka masikio yanawaka moto. Na hapo hakuna jirani wa kunicheka, maana mwanamke wa Kinyakyusa anayemheshimu baba mkwe wake anasifiwa.

Ikawa ndiyo maisha. Nikienda jikoni, kho! Nikienda kuanika nguo, kho! Hata nikisimama dirishani nivute pumzi, kho! na mimi chini. Nilimsema kwa Kihehe, nikijua hakuna anayenielewa. Nikamuuliza mume wangu, "Baba yako anaondoka lini?" Akanijibu bila kuniangalia, "Macho bado."

Hasira ikaanza kuchanganyika na huruma. Mzee wa watu, baridi ile ya Mbeya ya mwezi wa sita, na kile kifua! Nikachemsha tangawizi, nikaikamulia ndimu, nikampa mama mkwe ampelekee. Kikombe kikarudi kitupu. Nikachemsha tena kesho yake. Kikohozi hakikupungua hata kidogo.

Siku moja natambaa kwenda jikoni, tumbo likajipinda lote. Sijui niseme nini, ilikuwa kama mtu anayejigeuza kitandani na kuvuta blanketi zima. Nikakaa palepale, mikono kwenye udongo, naogopa hata kupumua. Mama mkwe akaniuliza kuna nini, nikamwonyesha tumbo.

Siku ya kliniki nesi alinibonyeza juu, akanibonyeza chini, akaweka kipembe chake. Nikafumba macho.

"Ameinama," akasema. "Kichwa chini kabisa. Umetambaa, eeh?"

Nililia mbele ya watu, nikaushika ule mkono wake wa baridi nisiuachie. Aibu niliisahau kabisa. Njia nzima mpaka nyumbani nilikuwa nasema asante, asante, na sijui nilikuwa namwambia nani. Kesho yake baba mkwe akapanda basi akarudi Tukuyu.

Binti yangu alizaliwa akitanguliza kichwa, akalia kabla hata hajatoka mwili mzima. Mama mkwe alimpakata, akamtazama, akaanza kucheka peke yake.

"Mama, unacheka nini?"

"Macho ya mzee," akasema. "Yalitazamwa siku aliyofika. Akaambiwa hayana neno, arudi kwake."

"Sasa pale barazani alikuwa anangoja nini?"

"Nilimwambia mkamwana wako ni mbishi, hataki kutambaa, na mtoto amekaa. Akafikiri, akasema: mimi siwezi kumsemesha, lakini kukohoa naweza."

"Na kifua chake?"

"Kifua gani? Mzima kabisa yule! Tangawizi yako alikunywa yote, maskini. Akasema ukizidi kumletea, atapata kikohozi cha kweli."

Nilicheka mpaka tumbo likauma, kisha nikalia.

Alikuja kumwona mjukuu ndizi za kwao zilipokomaa, na mkungu mzima begani. Akakaa nje, upande wa pili wa mlango. Mimi nilikaa ndani na kanga kichwani, kama inavyotakiwa. Kumsemesha siwezi. Kwa hiyo nikamsemesha mtoto, kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Mwanangu, mwambie babu yako ndaga fijo, asante sana. Mwambie mama yako anashukuru. Mwambie mama yako alikuwa anaogopa sana."

Mama mkwe akamchukua mtoto, akampeleka nje. Nikatega sikio. Halafu nikamsikia mzee akikohoa, mara moja tu, taratibu.

Nikapiga magoti. Safari hii hakuna aliyeniambia nishuke. Nilikuwa namsalimia baba mkwe wangu, kama tunavyosalimia kwetu Iringa.