Banda la Panya Linalotazama Barabara

Nakumbuka asubuhi moja ya hitima pale Bungu, mwanamke mwenzangu aliponiondolea ungo wa mchele mikononi, tena kwa tabasamu. Nilikuwa kijana bado, nimeachika, nimerudi kwa mjomba wangu na begi moja. Tulikuwa tumeketi mkekani nyuma ya nyumba ya wafiwa, tunachagua mchele wa wali wa watu wote. Mwenzangu huyo, Bi Saumu, akanyoosha mkono akauvuta ungo wangu taratibu, akasema, "Wewe pumzika, dada. Leo kazi si nyingi." Na magunia yamesimama palepale mlangoni, hata la kwanza halijafika nusu.

Mwanangu, mtu akikutukana kwa kelele utamjibu, au utamwachia Mungu. Lakini mtu akikupumzisha, utasemaje? Nilikaa na mikono yangu mapajani nikiwatazama wenzangu wakipepeta. Hakuna aliyetaja panya. Lakini hapakuwa na mtu mkekani pale asiyejua kwamba mikono ile ilikuwa inafuga panya.

Nikueleze hao panya wenyewe. Lami ya kwenda Kusini ilikuwa mpya, nami nilikuwa nauza mihogo ya kuchoma pembeni mwa barabara. Kuna bwana mmoja wa upande wa Dar es Salaam alikuwa na desturi ya kusimama kununua. Alikuwa na mahali pake pa kufugia nyoka, chatu na swila na koboko, watoto wa shule wanapelekwa kutazama. Kwa udadisi wangu nikamuuliza nyoka hao wanakula nini. Akasema panya, ila si panya wa shamba, maana hao wameshalamba sumu za watu na wamejaa kupe. Alitaka panya weupe wa kufugwa, na kila aliyemwomba amfugie alimcheka. Nikamwambia mimi niko radhi. Kazi mbaya si mchezo mwema, na mihogo ilikuwa hainifikishi popote. Safari iliyofuata akaniletea mbegu ndani ya boksi: madume wawili na majike kadhaa, weupe kama pamba, macho mekundu.

Basi nikawajengea banda. Nililiweka nyuma kabisa ya nyumba, karibu na choo, mlango unatazama porini. Nikalikandika udongo mpaka juu, nikaezeka bati kuukuu, nisiache hata tundu la kupitisha kidole. Nilitaka mtu asione. Kila nikitaka kuingia, nilichungulia kwanza kushoto na kulia. Na hapo unielewe, mwanangu: sisi ni watu wa mpunga. Panya kwetu ndiye anayefukua usiku mbegu uliyoipanda mchana. Kumlisha panya kwa makusudi, ukamtengea na maji, mbele ya wakulima wa Rufiji, ni kama kumwekea mwizi chai na mandazi.

Panya nao hawakunipa raha. Joto la lile banda lilikuwa la tanuri. Majike walikuwa wakizaa leo, kesho nakuta nusu ya watoto wameliwa na mama zao. Siafu waliingia mara moja wakamaliza boksi zima. Panya wa mwituni walitoboa ukuta kufuata pumba. Na harufu, kwa kuwa haikuwa na pa kutokea, ilitoka yote kwa pamoja nilipofungua mlango, ikatembea mpaka kwa jirani.

Jioni ya siku ile ya hitima mjomba akaniita. Mjomba wangu alikuwa mtu mpole, neno zito alikuwa analizungukia mara mbili tatu kabla ya kulitua. "Mama," akaniambia, "mimi sikukatazi kula jasho lako. Lakini Mfungo Sita maulidi ni hapa kwangu. Leo wamekuondolea ungo kwa watu. Je, wakija hapa wasile? Nitauweka wapi uso? Hilo banda liondoke."

 Banda lile, pamoja na ubaya wake, ndilo lilikuwa kitu pekee duniani ambacho ningeweza kusema ni changu. Vitu vingine vyote nilipewa, na vya kupewa huombwa kurudishwa.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Shangazi yangu Mwanahawa, dada wa baba, alikuwa amekuja kutoka Mbwara kwa ajili ya hitima ile ile, na wakati huo alikuwa barazani anatafuna tambuu yake, masikio yote kwetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyelima bondeni maisha yake yote na hajui kunong'ona. "Shemeji," akamwambia mjomba, "kabla hujavunja, hebu nami nikawaone hao vitoweo vya nyoka."

Nikampeleka. Aliinama akaingia, na hakukaa humo hata kidogo, akatoka kanga ameiziba puani. Nikadhani atasema yale wanayosema wengine. Akasema, "Mie sioni banda hapa. Naona kaburi. Nani kakutuma uwazike viumbe wa Mungu wazima?"

Nikaanza kulia. Nikamweleza habari ya ungo, habari ya watu, habari ya kunyanyapaliwa. Nilitaka anikumbatie, mwanangu, nisikufiche. Hakunikumbatia.

"Watu wamekuona unaingia humu kwa kunyata na kutoka kwa kunyata," akasema. "Sasa wewe ulitaka wadhani nini? Anayenyata ni mwizi wa kuku. Kazi ukiificha, watu wataisimulia wenyewe, na wanavyoisimulia hutapenda. Mficha uchi hazai. Na hao panya wako ndio hao, hawakuzalii. Umewaficha mpaka wamekosa pumzi, wanakula wana wao. Wewe ndiye unayewaonea haya kabla hajawaonea haya mtu mwingine. Futa machozi, niletee panga."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Nilileta panga.

Shangazi akamwomba mjomba subira mpaka maulidi. Mjomba hakuwa mtu wa kushindana na Mwanahawa, akakubali. Ndipo shangazi akanifundisha kitu ambacho kilikuwa kwetu siku zote na mimi nisikione. Unalijua dungu? Ni kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa bondeni hujenga shambani, wakaishi humo msimu wa mafuriko wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Maji yanapita chini, wewe uko juu na watoto wako na jiko lako. Shangazi alilea wanawe wote dunguni. "Dungu halina joto," akasema, "kwa kuwa upepo unaingia mpaka chini ya mgongo wako. Wala panya hapandi ukijua kumzuia. Sasa wewe hutaki panya apande wala ashuke. Dungu ni lilelile."

Tukalijenga. Nguzo tulizipata kwenye nyumba ya zamani iliyovunjwa, magogo ya mkoko yasiyoliwa na mchwa. Sakafu tukapanga mifito, ukuta nusu mifito na nusu wavu wa chuma wenye matundu madogo, maana wavu wa kuku mtoto wa panya anapita kama anaingia msikitini. Paa makuti, bati tukalitupa kule. Kila nguzo tukaivisha kola ya bati la debe, imepinda kuelekea chini, ili panya wa mwituni akipanda akute anaparaza hewani. Chini ya nguzo tukaweka makopo ya oili chafu tuliyoomba kwa mafundi wa magari, siafu akifika hapo anageuza safari. Ndani nikapanga mabeseni yenye vifuniko vya wavu, maranda ya seremala chini, nyasi kavu za kutengenezea viota, na chupa za maji zimening'inizwa kichwa chini. Kila beseni dume mmoja na majike wanne. Yule bwana wa nyoka alipoona akacheka sana, akasema panya hawa wameshika sheria kuliko yeye.

Lakini neno kubwa la shangazi lilikuwa juu ya mahali. Nilitaka tulijenge palepale nyuma. Akakataa katakata. Alipima kwa hatua zake ndefu mpaka mbele ya nyumba, pembeni mwa njia inayotoka barabarani, akachoma kijiti ardhini. "Hapa. Na mlango utazame barabara." Nikamwambia watu wataona. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyekataa majani.

Mwanangu, nakuambia bila kujisifu, au hata nikijisifu, nimeshafika umri wa kusamehewa: lile banda lilipendeza. Usione vyaelea, vimeundwa. Upepo ulipita humo mchana kutwa. Niliondoa maranda machafu kabla hayajaanza kunuka, nikayafukia kwenye migomba, na migomba ile ikazaa mikungu ya kuinama. Nilijifunza kutowagusa majike waliotoka kuzaa, kutobadilisha kiota chao, kuwapa dagaa kidogo juu ya mahindi na pumba wakati wa kunyonyesha. Wakaacha kula watoto. Nilikuwa nasimama pale asubuhi nikisikia mlio wao mdogo wa kunyonya, najiona mtu mwenye mali.

Maulidi yakafika. Shangazi alikwisharudi Mbwara, kwa hiyo nilikuwa peke yangu, na nadhani alikusudia hivyo. Nilipika mwenyewe na binti wa mjomba. Watu waliitikia, maana mjomba alipendwa, na maulidi yalisomwa vizuri mpaka mwisho. Wanaume wakakaa upande wao. Wanawake wakakaa upande wetu. Masinia yakatuliwa, wali unafuka, na upande wa wanawake hakuna mkono uliotoka. Mmoja akawa anatengeneza mtandio wake. Mwingine kakumbuka mtoto wake mgonjwa. Nilimwona mjomba kule barazani ameinua shingo kututazama, na kipande cha ndizi kimebaki mkononi.

Hapo nilikuwa na njia mbili, mwanangu. Kuingia ndani nikalie, au kufanya lile lililofundishwa na mlango wa banda langu.  Nikanawa mikono kwa sabuni mbele yao wote, polepole, kisha nikasema, "Mama zangu na dada zangu, najua mnachowaza. Na mimi ningewaza hivyohivyo. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Njooni kwanza mkaone, kisha mtakaokula mle, na watakaoondoka nitawafungia vya safari."

 Kisha Bi Tatu, mkunga wetu, mwanamke mzee ambaye nusu ya waliokaa pale aliwapokea kwa mikono yake, akajikokota akasimama. "Mie nimeshika makubwa kuliko panya," akasema, "na kwa mikono hiyohiyo mnaniletea wajukuu niwafukizie udi. Tangulia, binti."

Akapanda ngazi ya banda. Mwingine akamfuata kumshika asianguke, na wa tatu akamfuata wa pili kwa sababu hakutaka kusimuliwa. Nikasikia Bi Tatu anauliza, "Mbona hawanuki?" Nikamwinulia kifuniko akaona watoto wa jana yake, wekundu, wadogo kuliko ncha ya kidole, wamejazana ubavuni kwa mama yao. Nikaeleza habari ya dume na wake wanne, na kicheko kilichotoka humo kilifika barazani. Mmoja akauliza kama yule mke wa nne ana zamu yake. Mwingine akauliza kwa nini kola zimepindwa chini, akaomba nimwonyeshe, akamwekee mumewe kwenye ghala la mpunga. Waliobaki mkekani wakaona wanachelewa, wakaja nao wakasukumana ngazini. Wakasahau kuchukia, mwanangu. Walikuwa wameshughulika kutazama.

Mjomba ndiye aliyekuja kutuita. Alisimama chini ya banda, kofia mkononi, akasema, "Jamani, wali unapoa. Panya hawahami." Wakashuka, wakanawa, wakala. Wali uliisha wote, na Bi Tatu alifungiwa ukoko.

Sitakudanganya kwamba wote walikuja. Bi Saumu hakupanda ngazi ile wala hakula, na mpaka leo hajala kwangu. Namsalimia, ananiitikia, tunazikana vizuri. Si lazima kila mtu ashibe kwenye sinia lako. Lakini usiku ule mjomba alipokuwa anafunga mlango wa mbele alikaa kidogo akilitazama banda, akaniambia, "Mama, liache hapohapo." Nililala nikiwa na furaha ambayo sijui kama harusi yangu ilinipa.

Siku hizi ukishuka basi Bungu ukamwambia bodaboda akupeleke kwa Mama Panya, hakuulizi mara mbili. Jina hilo nililichukia, kisha nikalivaa. Vijana wa Kibiti wanakuja kujifunza, wengine wanataka kufuga sungura au kware, nawaonyesha kola za debe na kuwaambia habari ya dungu. Shangazi Mwanahawa alifariki bado akinitania kuwa nimemfanya awe mjenzi wa nyumba za panya, na alikuwa anawasimulia watu wa Mbwara nzima kwa majivuno.

Sasa sikia, mwanangu, wewe unayezibua vyoo, unayekusanya chupa za plastiki, unayeosha maiti, au unayefuga kitu ambacho wenzako wanakunja uso wakikisikia. Kwanza itazame kazi yako mwenyewe, uone kama ni halali na kama unaifanya kwa usafi. Ikiwa si halali, iache. Ikiwa ni halali lakini chafu, isafishe, usimlaumu jirani kwa kuziba pua. Lakini ikiwa ni halali na safi, usiijenge karibu na choo. Ilete mbele. Geuza mlango utazame barabara, na anayeuliza mjibu. Haya yako ndiyo inayowafundisha watu namna ya kukuonea haya. Na siku moja kijana mwingine akisimama mbele yako akilia kuwa watu wanamdharau, usiharakishe kumkumbatia. Mwambie alete panga.

Mola akujaalie riziki usiyohitaji kuinamisha macho ukiulizwa imetoka wapi. Akupe mkubwa wa kukugombeza kwa mapenzi, na mlango ambao mgeni akiufikia hauna cha kumficha. Amina.