Rangi ya Zabibu Kichwani kwa Mama

Asubuhi moja mama aliamka uso umevimba, macho yamebaki mistari miwili. Jioni iliyotangulia alikuwa amepaka nywele ile dawa nyeusi aliyozoea kuipaka kila mwezi kwa miaka mingi. Nikampeleka zahanati, hapa hapa Nyakato, Mwanza. Daktari alikuwa kijana wa rika langu. Alimwangalia masikio, akauliza swali moja tu kuhusu nywele, kisha akamwandikia vidonge.

"Hiyo dawa usiiguse tena, mama," akasema. "Leo ni uso. Siku nyingine litavimba koo."

Mama akamwuliza kama angeweza kuipaka mara moja tu, mwezi ujao, halafu aache. Daktari akasema hapana.

Mwezi ujao kulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa mama mkubwa, dada yake mama, huko Sengerema. Mama ni fundi cherehani na gauni lake la siku hiyo alikuwa ameshalikata: kitenge cha bluu chenye kola pana ya kitambaa cheupe. Alichokuwa akikiwaza ni kichwa. Mvi zilimwanza kabla hajafika miaka thelathini, na alipomzika baba yake kichwa kilikuwa cheupe chote. Mimi nilikuwa mdogo, nimekaa kwenye jamvi kati yake na mama mkubwa, na nakumbuka waombolezaji walivyokuwa wakiinama. Kwa mama walisema shikamoo. Kwa mama mkubwa, aliyemzidi miaka sita na ambaye nywele zake zilikuwa nyeusi tii, walisema pole, hujambo. Tuliporudi Mwanza mama alinunua pakiti yake ya kwanza ya dawa. Sikuwahi kumsikia akizungumzia siku ile, lakini kila mwezi alipaka.

Juisi ya unga niliitaja mimi, tena kwa mzaha. Nilikuwa nimeona kwenye simu wasichana wa nchi za mbali wakipaka nywele rangi kwa juisi ya pakiti, ile ya kukoroga kwenye maji. Nilidhani mama atacheka. Akasimamisha cherehani.

"Hiyo tunayokunywa?"

"Hiyo hiyo."

"Basi haiwezi kunivimbisha. Nimeinywa mara ngapi?"

Siku ile ile nilinunua pakiti mbili dukani, tukajaribu kwenye nywele chache za kisogoni. Zilikauka zikashikana kama zimepakwa gundi, na kesho yake asubuhi sisimizi walikuwa wamejipanga kwenye foronya. Hatukuwa tumefikiria sukari. Ilibidi nizunguke maduka kadhaa kutafuta zile pakiti ndogo zisizotiwa sukari, ambayo unaiongeza mwenyewe.

Kuanzia hapo mama alinipokonya kazi. Miaka yote ya kushona ilikuwa imemfundisha mambo ambayo kwenye simu hayakuwemo. Alikata vipande vitatu vya uzi, polista, pamba na sufu, akavitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto yenye unga wa juisi ya zabibu na siki kidogo. Baada ya nusu saa akavisuuza. Polista ilitoka kama ilivyoingia. Pamba ilibaki na rangi hafifu. Sufu ilikuwa zambarau kabisa.

"Nywele ni sufu," akasema. "Zitashika. Na bila siki isingeshika hata hii."

Zambarau hakuitaka. Nikamwambia tuchanganye na ya embe, ambayo ni ya njano, labda tutapata kahawia. Tulikaa jikoni tukipima kwa kijiko cha chai, zabibu tatu kwa embe mbili, kisha mbili kwa mbili, tukichovya nyuzi za sufu na kuzianika kwenye kamba ya nguo. Aliyepita uani akiziona angedhani tunafungua kiwanda. Mwisho mama alichagua uzi mmoja wenye rangi ya udongo wa kichuguu uliolowana.

Tulipaka siku moja kabla ya safari, mchana, uani. Nilivaa mifuko ya mkate mikononi badala ya glovu, lakini vidole vyangu vilikaa na rangi siku nne. Nilimfunga kichwa kwa kofia ya plastiki ya kuogea, akakaa juani saa nzima akipiga pindo za gauni. Alipojisuuza na kukauka, alijitazama kwenye kioo kirefu wanachojitazamia wateja. Kwa mbele nywele zilikuwa za kahawia. Kwa pembeni, jua likipiga, zilikuwa na wekundu.

"Siyo nyeusi," akasema.

"Siyo nyeupe pia."

"Twende hivyo hivyo."

Tulivuka kwa kivuko asubuhi. Alisimama ndani, mbali na upepo wa ziwa, kitambaa kichwani, na alikifungua tulipofika kwa mama mkubwa. Mama mkubwa alimpokea mlangoni, wakasalimiana, akamtazama kichwani kidogo, kisha akarudi kwenye shughuli. Watu walikuwa wengi na chakula kilikuwa bado jikoni.

Sherehe ilianza saa tisa alasiri, chini ya turubai, na joto lilikuwa kali. Mama alikaa vizuri mpaka walipoitwa akina mama kwenda kumtuza bibi harusi. Walicheza wakizunguka mara tatu au nne. Aliporudi kuelekea kiti chake niliona mstari wa jasho la zambarau umeanza kwenye sikio, unateremka shingoni. Kabla sijamfikia ulikuwa umeingia kwenye kola nyeupe.

Mama mkubwa aliwahi kuliko mimi. Alimshika mkono kana kwamba anamwita wakaonane na mgeni, akampeleka ndani, chumbani kwake. Nami nikafuata na kufunga mlango.

"Umeumia wapi?" mama mkubwa akauliza. Alidhani ni damu.

"Sijaumia, dada. Ni zabibu."

"Zabibu gani?"

"Juisi. Ya pakiti."

Mama mkubwa alinigeukia. Nikamweleza yote, dawa, uso kuvimba, daktari. Alilowanisha ncha ya khanga kwenye ndoo, akaanza kumfuta mama shingoni taratibu, akipangusa kutoka juu kwenda chini.

"Na hizi mvi zinakusumbua nini hata ufike huku?" akauliza.

Mama akasema, "Siku ya msiba wa baba. Watu wote waliniamkia mimi, wakakuona wewe ndiye mdogo."

Mkono wa mama mkubwa ulisimama.

"Unadhani sikumbuki?" akasema. "Walikuja kukuuliza wewe kaburi lichimbwe wapi. Ng'ombe gani achinjwe, walikuuliza wewe. Mimi ndiye mkubwa, nimekaa palepale, hakuna aliyegeuka kunitazama. Na wewe ulikuwa unawajibu."

"Nilijibu kwa sababu waliniuliza."

"Najua. Nami niliona uchungu miaka yote hii. Wewe ulisikitikia uso wako, mdogo wangu. Mimi nilimzika baba kama jirani."

Nje walikuwa wanatangaza zawadi. Mama akasema, "Nisamehe, dada." Mama mkubwa akajibu, "Geuka huku, kuna nyingine nyuma ya sikio." Alipomaliza alimfunga kilemba cha kitenge chake mwenyewe, kikubwa, kikifunika na kola, wakatoka pamoja. Waliketi viti vya mbele mpaka mwisho.

Ile kola haikutakata kwa sabuni yoyote. Nywele zilififia kila zilipooshwa, kutoka kahawia mpaka rangi ya chai ya maziwa, na mama hakuniomba tena nichanganye kitu.

Wiki chache baadaye mjomba wao alimpigia mama simu. Ukoo ulitaka kuyajengea makaburi ya wazazi, na alitaka kujua lianzwe lipi, na kwa matofali au mawe. Mama alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Mpigie dada," akasema. "Mkubwa ni yeye. Atakachosema, mimi nimekubali."

Mjomba alisema jambo lingine ambalo sikulisikia. Mama akarudia jibu lile lile, akaaga, akaendelea kushona.