Katibu wa Marubani wa Kibiti

Nilipopunguzwa kazini nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na kazi niliyoijua ilikuwa moja tu. Kwa miaka mingi nilirusha ndege ya serikali iliyonyunyiza dawa ya kuua kweleakwelea kwenye mashamba ya mpunga na mtama. Idara yetu ikafungwa, ndege ikauzwa, nami nikarudi kwenye nyumba ya marehemu baba yangu, nje kidogo ya Kibiti, upande wa kwendea Mtunda. Mke wangu alikaa nami huko miezi minne. Halafu akaenda Dar es Salaam kuuza mitumba na dada yake, na hakuna aliyemlaumu, hata mimi. Miaka ile kila mwenye nguvu alikuwa anafungua biashara. Mimi nilikuwa na minazi michache na leseni ya urubani ndani ya bahasha.

Nyuma ya mikorosho ya jirani yangu kulikuwa na kiwanja cha ndege cha majani, kilichosafishwa zamani na mradi wa pamba. Biashara ilipofunguliwa, ndege ndogo za watu binafsi zikaanza kutua pale. Walikuja wanunuzi wa kamba waliovuliwa kwenye delta ya mto, wenye kampuni za uwindaji, na daktari mmoja aliyetua mara mbili kwa mwezi akienda kupasua wagonjwa katika hospitali ya Mchukwi. Marubani saba wakaunda chama. Walihitaji mtu wa kusimamia ufyekaji, kuondoa mbuzi, na kuangalia kwamba mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unakotoka, haujaibwa ukashonwa suruali. Walihitaji pia mtu wa kuandika barua serikalini. Rubani aliyeishi karibu na kiwanja nilikuwa mimi peke yangu, ingawa sikuwa na ndege. Wakanichagua katibu hata kabla hawajaniuliza. Malipo hayakuwepo, wala sikuyadai. Nilifurahi kwamba kulikuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara katika mji mmoja wa zamani wa mtoni. Babu zake waliuza chumvi, nguo na mchele. Yeye alijifunza kurusha ndege akiwa tayari ana wajukuu, na watu wa kwao walimcheka mpaka wakachoka. Alinunua ndege ya viti vinne iliyokwisha kutumika, akaijengea banda la bati pale kiwanjani. Kila yalipotoka maji ya bahari, aliruka kwenda kwenye kisiwa kimoja cha delta, akatua kwenye uwanda wa chumvi iliyokauka, akapakia kamba waliofunikwa barafu, akawapeleka Dar.

Wanachama wengine walitua, wakatia saini daftari langu, wakaondoka. Yeye alikuja mapema na birika la kahawa na vitumbua, tukakaa bandani tukisikiliza upepo. Aliniita Katibu, nami nilimwita Mzee. Siku ambazo hakuja, niliweza kukaa mpaka jioni bila kusema neno na mtu. Mwanzoni nilikuwa nikizungumza na mbuzi nikiwafukuza. Baadaye niliwafukuza kimya kimya.

Rubani asiporuka leseni yake hufa. Mzee alilijua hilo bila mimi kumwambia. Kila baada ya wiki kadhaa alizunguka upande wa pili wa ndege, akafungua mlango wa kulia na kuingia, akasema, "Katibu, kaa kushoto leo." Kushoto ndiko anakokaa rubani, nami nikaruka naye mpaka kisiwani na kurudi. Hakutaka shukrani. Alisema anapumzisha mikono. Kwa saa hizo chache nilikuwa tena mtu niliyekuwa.

Chama kilikuwa na sheria chache, na moja ilitaka kila mwanachama alete nakala ya cheti cha daktari kila mwaka. Mwaka ule sita walileta. Mzee alisema atakileta, kisha akasema amekisahau nyumbani, kisha akaacha kusema chochote. Sikumsumbua. Nilikuwa nimeanza kuona magurudumu yake yanagusa majani mbele zaidi uwanjani kuliko zamani, na kwamba birika alilitafuta kwa mkono kabla ya kulitazama. Nilijiambia ni uzee.

Asubuhi moja alikuwa anarudi kutoka Dar. Nilisimama karibu na mfuko wa upepo kama kawaida. Ndege ilikuwa imekwisha kushuka chini ya vilele vya mikorosho nilipomwona mama mmoja amejitwika mzigo wa ukindu, anakatiza njia ya kutua ndege kutoka upande wa kushoto. Upepo ulikuwa unampiga masikioni, hakusikia injini. Nikakimbia nikipunga mikono. Nilitegemea Mzee atavuta usukani, apande, azunguke upya. Hakuvuta. Mama yule aligeuka, akatupa mzigo, akajirusha kwenye majani, na bawa likapita pale alipokuwa amesimama.

Hakuumia. Alikaa chini akitazama ukindu wake uliotawanyika. Watu waliokuwa wakipalilia mikorosho wakaja wakasimama. Mzee alizima injini, akashuka, akafuta jasho la uso, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa mbona watu wamejaa.

Hakuwa amemwona. Si kwamba alichelewa kumwona. Hakumwona kabisa.

Tulimsaidia mama yule kukusanya mzigo wake, nikamsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi, Mzee alikuwa amekaa bandani kwenye pipa tupu. Nilimwomba cheti cha daktari. Ndipo akaniambia kwamba ana presha ya macho, kwamba daktari wa Dar alimweleza mwaka uliopita kuwa kilichopotea hakirudi, na kwamba sasa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

"Mbele panatosha," alisema. "Uwanja uko mbele."

Nikamwambia, "Mzee, yule mama hakuwa mbele."

Akasimama. Sikupata kumwona na hasira kabla ya siku ile, na hata siku ile hakupandisha sauti. "Umekaa hapa miaka yote hii unaitazama ndege yangu," alisema. "Sema unachokitaka."

Akaingia kwenye pikapu yake na dereva, akaondoka. Nilibaki na maneno yale. Yaliniuma kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake, ingawa si ule aliodhani. Niliitaka ile ndege kila siku. Lakini akiacha yeye kuruka, na mimi nimeacha, kwani hakuna mwingine ambaye angenipa usukani. Nikaandika barua kwa ofisi inayotoa leseni kueleza habari za macho yake, nikaweka jina langu na cheo changu cha katibu, nikaifunga. Nikamtumia Mzee ujumbe kwa dereva wake kwamba nitaipeleka posta Ijumaa baada ya swala, asipokuja mwenyewe kabla.

Siku tano hakuja mtu. Mvua ilinyesha kidogo, majani yakaota. Niliyafyeka peke yangu. Nilimkumbuka mke wangu kwa namna ambayo sikuwa nimemkumbuka tangu aondoke. Nilitaka tu kumwuliza mtu kama nimekosea, na hakukuwa na mtu.

Alhamisi alikuja. Akanisalimia kama hakuna kilichotokea, akaniwekea ufunguo wa ndege mkononi. Alikuwa amepata mnunuzi Dar. Aliomba nimpelekee, na aliomba tuzunguke kwanza juu ya delta. Safari ile hakuniambia nikae wapi. Aliingia kulia, akafunga mkanda, akatulia.

Tulipovuka barabara na kufika penye maji, akasema, "Niambie unachokiona."

Nikamwambia. Nilimwambia mto unavyogawanyika, mikoko ilivyo kijani cheusi, maji yanavyotoka yakiacha tope linalong'aa. Nilimwambia kuna mitumbwi miwili na watu wanaosukuma kwa upondo. Nilimwambia mpunga umeanza kuwa manjano. Aliuliza juu ya mnazi mmoja uliolala juu ya maji kwenye mpindo fulani, alioutumia miaka yote kama alama ya kuanza kushuka. Nilitazama. Ukingo ulikuwa umemomonyoka, mnazi haukuwepo. Nikamwambia upo. Akaitikia kwa kichwa, akageuza uso dirishani, nami nikaielekeza ndege Dar.

Mnunuzi alitusubiri, akaizunguka ndege mara mbili, akaridhika. Binti yake Mzee alikuja kumchukua kwa matibabu, na ikawa atakaa kwake. Tuliagana pale kwenye maegesho. Alinishika mkono akauweka kifuani pake.

"Ile barua," alisema. "Ungeipeleka?"

"Ningeipeleka, Mzee."

"Vizuri," alisema, na binti yake akamshika bega.

Nilirudi Kibiti kwa basi. Mwaka uliofuata daktari alihamishwa, na wenye kamba wakapata magari yenye majokofu. Mkutano mkuu wa mwisho tulikuwa wawili, mimi na mwindaji mmoja aliyekuja kuniambia wamejenga kiwanja chao porini. Leseni yangu ikaisha muda. Nilimtembelea Mzee mara mbili kwa binti yake. Mara ya kwanza tulizungumza habari za bei ya mchele. Mara ya pili alikuwa amelala, sikutaka aamshwe, nikakaa naye kidogo nikaondoka. Habari ya msiba wake ilinifikia siku tatu baada ya maziko.

Kisha serikali ya kijiji ikataka kiwanja kigawiwe watu walime ufuta, na ikaomba barua ya chama kukirudisha. Nikaiandika vizuri, nikaipeleka ofisini mwenyewe. Afisa mtendaji aliisoma, akaonyesha kwa kalamu nafasi ya saini ya mwenyekiti, akauliza kwa nini haina kitu. Nikamwambia mwenyekiti amefariki. Akauliza viongozi wengine wako wapi. Nikamwambia niko mimi. Alinitazama kidogo, akapiga muhuri, akaita aliyefuata kwenye foleni.