Shusha Kamera Mpaka Kwenye Kigoda

Kuna siku moja kijijini kwetu Zombe ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikikuona umeinamia hiyo kompyuta ukizungusha nyumba za watu kama chapati, inanirudia. Hebu iache kidogo. Chai iko tayari, na nyumba ya wenyewe haitakimbia.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimetoka tu chuoni kusomea michoro ya majengo, na laptopu yangu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuchora nyumba, ile inayokuruhusu kuingia na kamera na kutembea vyumbani kabla hata msingi haujachimbwa. Kwetu hayo yalikuwa maajabu.

Nyanya yangu, au susu kama tunavyosema Wakamba, alikuwa akiishi peke yake Zombe katika nyumba ya matofali ya udongo aliyojengewa na babu. Ukuta wa chumba alimokuwa akilala ulikuwa umepasuka. Mkono wangu uliingia kwenye ule ufa bila taabu. Mvua ya Novemba ilikuwa inakaribia, na kila mtu alijua ukuta huo hautaivuka. Baba na ndugu zake walikuwa tayari kumjengea nyumba ya mawe papo hapo bomani. Susu akakataa. Kila alipoulizwa sababu alijibu tu, "Niko sawa hapa." Walibembeleza wakachoka, mwishowe wakanituma mimi, maana nimepewa jina la babu, Mutinda, na kwa desturi yetu susu alikuwa ananiita mume wake. Walidhani mume hawezi kunyimwa. Wee! Hawakumjua mama yao.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake nje ya mlango wa jikoni, anachambua ndengu.

"Mume wangu, umeniletea nini?"

"Nyumba," nikamwambia, nikafungua laptopu. Tulikuwa tunaongea Kikamba, mimi nakusimulia tu kwa Kiswahili.

Nilianza na picha ya kutoka juu, ile inayoonyesha paa na boma lote kwa pamoja. Akaitazama, akacheka mpaka ndengu zikamwagika. "Sasa huyu anayeangalia ni nani? Huko juu ni kwa mwewe, akitafuta vifaranga vyangu."

Haraka nikaishusha kamera, ikasimama mlangoni kwa kimo cha mwanamume mzima, vile programu ilivyokuwa imepangwa. Nikamtembeza sebuleni, nikampeleka jikoni, nikamtoa nje. Kuta nyeupe pepepe, sakafu inang'aa, na uani nyasi za kijani kibichi. Nyasi za kijani, mwanangu, Zombe, wakati wa kiangazi! Hata mbuzi wangecheka. Susu alitazama kwa adabu mpaka mwisho.

"Nzuri sana," akasema. "Sasa mpelekee mwenye nyumba hii."

Jamani, niliumia. Nikaanza kubadilisha vitu kimoja kimoja. Nyasi nikazitoa, nikaweka udongo mwekundu. Ukuta mweupe nikaupaka rangi ya kahawia kuanzia chini mpaka magotini, pale matope ya mvua yanaporukia. Sakafu ya kung'aa ikawa simiti nyekundu, kwa sababu aliniambia ile nyingine itamvunja kiuno. Vigae vya paa vikawa mabati, naye akauliza kama mvua itasikika. Nikamwambia itasikika. "Nesa," akasema, yaani vizuri. Kila nilipobadilisha alisogea karibu kidogo, lakini kukubali, hakukubali. Na betri ilikuwa inaisha, na umeme ulikuwa sokoni tu.

Akainuka kwenda kutazama sufuria, nami kwa uchovu nikakaa kwenye kigoda chake. Hapo ndipo nilipoona. Ukikaa pale chini, macho yanavuka ua na kwenda moja kwa moja kwenye kaburi la babu, kando ya mbaazi. Tangu utotoni nilikuwa namsikia susu akinong'ona pale asubuhi, nikidhani anaongea na kuku.

Kwenye mchoro wangu kaburi halikuwepo. Nikaliweka mahali pake, kisanduku tu cha rangi ya simiti. Kisha nikashusha kamera mpaka kimo cha mtu aliyekaa, nikaiweka kwenye veranda mpya, nikaigeuza upande wa babu. Ikaonyesha ukuta wa stoo. Veranda yangu yote ilikuwa inatazama barabarani.

Susu alikuwa amerudi, amesimama nyuma yangu. "Mume wangu," akasema, "unanijengea nyumba ya kumpa mume wangu mgongo?" Sauti ikamkatika. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na mimi pia nikalia.

"Mbona hukuwaambia, susu?"

"Wangesema naongea na simiti."

Basi tukaanza upya, sisi wawili. Nikaigeuza nyumba haraka, kabla betri haijazimika. Stoo ikaenda nyuma, veranda ikatazama kaburi, na kiukuta kifupi cha mbele ya veranda nikakiondoa nikaweka vyuma vyembamba, ili mtu aliyekaa aone katikati yake. Nikairudisha kamera chini. Susu akagusa skrini kwa kidole chenye vumbi la ndengu.

"Huyo hapo," akasema. "Waambie walete mawe."

Walianza na chumba chake na hiyo veranda, na akahamia mawingu yakijikusanya. Ukuta wa zamani ulianguka mvua hiyo hiyo, ukafunika pale kilipokuwa kitanda chake.

Kwa hivyo, mwanangu, usimwonyeshe mtu nyumba yake kutoka mbinguni. Teremsha kamera mpaka kwenye macho ya atakayeishi humo. Kama ni mgonjwa, ilaze kwenye mto, uone dari na dirisha atakavyoviona yeye siku nzima. Weka udongo wa kwao, achana na nyasi za programu. Na mtu akikuambia nyumba ni nzuri lakini mikono ameikunja, usifurahi bado. Muulize akiamka asubuhi anataka kumwona nani. Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kujibu.

Mungu aibariki mikono yako na macho yako. Wazee wakuambie siri zao bila kuogopa kuchekwa, na kila mlango utakaouchora ufunguliwe na mtu anayefurahi kuingia kwake.