Maji ya Siku Mbili

Kila asubuhi, nikiwa bado kitandani, nasikia mlio mdogo wa chuma kutoka bandani. Tik, tik, halafu maji yanachuruzika, halafu mkoromo wa raha. Ni nguruwe wangu wanakunywa. Nimewafungia maji yanayojiendesha yenyewe: tangi liko juu ya mnara mfupi wa matofali, bomba linazunguka banda zima, na kila chumba kina chuchu ya chuma iliyofungwa usawa wa bega la mnyama. Akisikia kiu anaisukuma kwa mdomo, maji yanatoka. Akiiachia, yanakata. Vitoto nao wana yao, ya chini, na walijifunza kuitumia kwa siku moja tu, wakati mimi simu yangu mpya ilinichukua wiki.

Majirani hupita kutazama, nami huwaeleza kwa mbwembwe kama mwalimu. Nawaambia maji ni safi kwa sababu hakuna beseni la kuingiza miguu wala la kulalia. Nawaambia jike anayenyonyesha anakunywa kiasi anachotaka, maziwa yanashuka, vitoto wananenepa. Nawaambia sakafu inabaki kavu na hakuna anayekaa na kiu akimngoja mtu. Hapo kwenye kumngoja mtu huwa nakatisha maelezo, nabadilisha habari. Ninyi nitawaambia kwa nini, maana nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Nilikulia hapa hapa Maji ya Chai, upande wa juu wa barabara kuu, kwenye kiwanja hiki hiki. Baba alikuwa dereva wa lori na nyumbani alikuwa kama mgeni, kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa mama. Mama alikuwa Mchaga wa Machame, mfupi, mwenye haraka, hawezi kukaa kwenye kiti bila kushika kitu cha kumenya. Alifuga nguruwe nyuma ya nyumba katika banda la mabanzi. Jike lake kubwa tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu asubuhi hakuna shughuli yoyote iliyoanza kabla hajaguna. Siku ninazozisimulia humu, Mwenyekiti alikuwa na mimba, na vijana wake watatu wa uzao uliopita walikuwa chumba cha pili. Wale ndio waliokuwa sekondari yangu. Mama alinionyesha kabisa: huyu sare na vitabu, huyu godoro na sanduku, huyu nauli na mengineyo.

Kazi yangu ilikuwa maji. Bomba la kijiji lilikuwa chini karibu na barabara, na kupanda nalo dumu kichwani ilikuwa safari ya kutoa jasho. Mtoni kulikuwa karibu zaidi, lakini mama alikuwa haamini maji yale ya rangi ya chai. Alikuwa ameshaona meno yetu sisi tuliozaliwa upande huu, ya kahawia kwa maji hayo mpaka ukubwani, na akaapa kwamba angalau nguruwe wake watabaki na meno meupe. Asubuhi dumu mbili, jioni dumu mbili. Kila nikitoka bandani aliuliza, "Wamekunywa?" Nami nilijibu, "Wamekunywa."

Mwaka niliomaliza darasa la saba nilipata kipaimara kanisani. Anayekijua kipaimara cha huku kwetu anajua kwamba ni nusu ya harusi. Nilikipata pamoja na Upendo, binti wa jirani yetu, na mama zetu wakaamua kufanya sherehe moja. Mama Upendo na mama yangu walikuwa wanapendana kupita ndugu. Kati ya nyumba zetu kulikuwa na ua wa majani wenye upenyo ambao hakuna aliyewahi kuuziba, na kwenye upenyo ule vilipita sahani, vikombe vya sukari, watoto na maneno. Mama Upendo alikuwa mwanamke wa kulisha watu. Ukipita kwake lazima utafune kitu. Msiba ukitokea, sufuria zake zilitangulia kabla ya yeye mwenyewe.

Ijumaa kabla ya kipaimara, mimi na Upendo tulipelekwa saluni Arusha mjini. Miaka yote saba ya shule nilikuwa na kichwa cha kipara, halafu siku moja nikatiwa dawa, nikaviringwa rola, nikatoka na mawimbi yanayong'aa. Nilirudi nyumbani shingo imenyooka kama niliyemeza mti. Jumamosi asubuhi mama alinikabidhi madumu kama kawaida. Nilifika mpaka bombani. Nikaweka ngata ya kubebea dumu juu ya kichwa kujaribu, nikahisi mawimbi yakilala chini yake, nikaiondoa haraka. Kubeba mkononi mpaka kule juu nilijua siwezi. Basi nikachota kama jagi moja tu ndani ya dumu, nikarudi, nikayamwaga kwenye beseni la nguruwe mpaka kingo zikalowa vizuri.

"Wamekunywa?" mama akauliza kutoka kwenye moshi.

"Wamekunywa."

Siku za kawaida labda isingekuwa kitu, kwa maana mama aliwakorogea pumba kwa maji mengi zikawa kama uji. Lakini siku hizo mbili alikuwa na sufuria za watu mia kichwani. Aliwatupia pumba kavu na mashudu, na chumvi yao kama kawaida, akijua kwamba maji yapo. Jumapili nilirudia hila yangu ya jagi, safari hii nikiwa nimeshikilia gauni jeupe lisiguse banda. Mchana ule, watu wakiimba na kutunza, nilisikia beseni likigongwa na kuburuzwa huku nyuma. Mwenyekiti alikuwa analia, si lile guno lake la kuanzisha kikao, bali sauti nyembamba. Nilisikia, nakiri. Nikakata keki.

Jumatatu asubuhi Mama Upendo alipita kwenye upenyo na ndoo ya mabaki: ukoko wa pilau, supu ya mbuzi iliyobaki chini ya sufuria, kachumbari, mifupa ameitoa mmoja mmoja kwa mkono wake. "Nao wale kipaimara," akasema akicheka, na akamimina mwenyewe. Nguruwe walikula mpaka wakalamba ukuta.

Baada ya wageni kuondoka nilivua makuu yangu yote. Niliwaona wale wanyama wamesimama kwenye beseni kavu wakilamba bati, roho ikanisuta. Nilifunga kichwa kwa kitambaa, nikateremka bombani, nikapanda na dumu, nikateremka tena. Nilibeba dumu nne mfululizo, nikawajazia mpaka yakafurika. Sijawahi kuona mnyama akinywa namna ile. Walizamisha vichwa mpaka machoni. Mwenyekiti alikuwa akiinua pua, anavuta pumzi, anazamisha tena. Nilikaa juu ya jiwe nikiwatazama, na moyo wangu ukatulia kabisa. Nilijiona nimelipa.

Alasiri ile ile Mwenyekiti alikaa kitako kama mbwa. Pua ikaanza kucheza, shingo ikavutwa nyuma, akaanguka, akatupa miguu. Akainuka, akaenda kinyumenyume, akagonga kichwa ukutani na kubaki amekisukumiza pale. Kisha hali ile ikamrudia. Wale vijana nao wakaanza mmoja mmoja. Mama alipiga magoti kwenye samadi akamshika Mwenyekiti kichwa, akamwita kama anavyomwita mtu. Alfajiri ya Jumanne Mwenyekiti alikuwa amekufa na mimba yake, na vijana wawili. Wa tatu alibaki, kipofu, anazunguka upande mmoja tu.

Bwana mifugo alikuja asubuhi hiyo na pikipiki. Alikuwa mzee mpole wa Kimeru, alivua kofia bandani kama yuko msibani. Akawageuza, akawatazama macho, akauliza walichokula. Mama akasema pumba, na mabaki ya sherehe. Akauliza, "Na maji, wanapata?"

Mama hakujibu yeye. Alinigeukia mimi, kwa sababu maji yalikuwa yangu.

Nimeishi na sekunde ile miaka ishirini na zaidi. Nywele zilikuwa bado nzuri. Watoto wa jirani walikuwa wamejazana kwenye ua wa majani wanachungulia. "Asubuhi na jioni," nikasema. "Hata jana wamekunywa mpaka wakaacha."

Yule mzee akavaa kofia yake. "Basi mama, ni kitu walichokula," akasema.

Mama akaenda kwenye upenyo. Hakupita. Aliita kutoka upande wetu, na Mama Upendo akatoka akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mama Upendo, uliweka nini kwenye ile ndoo?"

"Chakula, dada. Chakula kile kile tulichokula."

"Sisi hatujafa."

Mama Upendo aliiachia kanga. Akatazama mikono yake, akarudi ndani. Hakujitetea hata kwa neno moja, na kwa sisi tuliosimama pale ule ulikuwa ushahidi tosha. Kufika Jumapili habari ilikuwa imeshuka mpaka barabarani, na ilipofika kule haikuwa tena chakula kibaya, ilikuwa sumu, na sababu yake ilikuwa wivu wa sherehe. Mama aliziba upenyo kwa mabati. Sekondari nilikwenda, kwa cherehani ya mama iliyouzwa, na niliporudi likizo ya kwanza Mama Upendo alikuwa ameshahamia Elerai kwa kaka yake. Mimi nilikaa kimya. Nilidhani uongo wangu haujamgusa mtu, kwa sababu nilikuwa kweli nimewapa maji, na tena mengi. Niliamini kama wengine kwamba ni ndoo. Kosa langu nililiona dogo, la kumaliza kwa sala ya jioni.

Mama alifariki miaka minne iliyopita. Nikarudi kukaa hapa, nikaanza nguruwe, na mwaka huu nikamwita fundi kijana kutoka Kwa Mrombo kufunga maji haya. Alipomaliza, akafungua koki, akanionyesha namna ya kuzuia shinikizo la maji lisiwe kubwa mno, kisha akaniambia kitu kama mtu anayetoa onyo la kawaida.

"Dada, usiache tangi likauke. Na likikauka siku mbili hivi, usije ukawafungulia yote kwa mpigo. Wape kidogo kidogo. Mwili unakuwa umejaa chumvi, maji yakiingia kwa wingi yanakimbilia kichwani, wanapata degedege wanakufa. Hasa kama wamekula mabaki ya hotelini. Watu wakiona hivyo hudhani ni sumu."

Nilimwomba anieleze tena. Akanieleza tena, taratibu, akidhani sijui Kiswahili vizuri. Nilimlipa, nikamsindikiza mpaka getini, nikaenda nyuma ya banda nikalia kama mtoto. Nililia kwa ajili ya Mwenyekiti pia, msinicheke. Zile dumu nne nilizopanda nazo kwa huruma, ambazo miaka yote nilizihesabu kuwa tendo langu jema la wiki ile, ndizo zilizowamaliza.

Ilinichukua majuma matatu kupata ujasiri wa kwenda Elerai. Nilimkuta Mama Upendo ameketi barazani na fimbo mapajani, amepungua, macho yale yale. Upendo alikuwa ndani anapika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni nani?"

"Ndeshi. Wa Maji ya Chai."

Alisogea na fimbo yake nipate pa kukaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kupokea kila tusi, na niliona nastahili yote. Nikamweleza bila kupumzika: saluni, jagi, bwana mifugo, fundi wa Kwa Mrombo. Nikamwambia haikuwa sumu, wala chakula chake hakikuharibika. Ilikuwa ni kiu, na kiu ile niliileta mimi.

Akapapasa fimbo.

"Ile supu ililala," akasema. "Sikuionja asubuhi. Mama yako aliponiuliza, nikajua ni mimi. Nikasema nimewaua nguruwe wa dada yangu kwa uvivu wa kuonja supu."

"Haikuwa supu, mama."

"Tangu siku ile sijapeleka sahani kwa mtu. Hapa Elerai wananiita mchoyo. Msiba wa mama yako nilikuja, nikakaa na waombolezaji, sikuingia jikoni. Mliniona naringa?"

"Tulikuona unaringa," nikasema, maana sikutaka tena kumdanganya.

Nilikuwa nimedhani nimemharibia jina tu, jambo ambalo mtu anaweza kulikasirikia na kulisahau. Sikujua kwamba naye aliusadiki uongo wangu. Maneno mawili ya mtoto mwenye nywele mpya aliyachukua kama ukweli, akajihukumu nayo, akaondoka kwao nayo, akakaa na mikono mitupu miaka yote hiyo.

"Na mama yako," akauliza, "alikuja kujua?"

"Hapana."

"Basi alikufa akiamini ni mimi."

"Ndiyo, mama."

Hakulia. Aligeuza uso kuelekea mlangoni akaita, "Upendo! We Upendo, acha hicho, njoo hapa." Upendo akatoka, mikono ina unga, akanitambua, akabaki amesimama. Mama yake akamwonyesha pa kukaa kwa fimbo.

"Sema tena," akaniambia. "Taratibu, na huyu asikie."

Nikasema tena.