Moshi Usiokohoza

Juzi sokoni Palma muuza viungo alifungua pakiti mbele yangu, akaninusisha kabla sijamwambia nataka nini. Ni ile pilipili ya mchanganyiko inayovuka kutoka upande wa Tanzania, nyekundu, imetiwa bizari, kitunguu saumu na chumvi, inanukia utadhani kuna karamu. Nikamwambia sitaki, akashangaa. Na nyinyi mtashangaa, maana harufu ni nzuri, wallahi sikatai. Lakini ngojeni niwaeleze.

Bibi yangu wa Kionga hakuwa na mzaha na pilipili. Alizianika mkekani mpaka mbegu zikalia ndani ukizitikisa, akazitwanga mwenyewe, akazichekecha, basi. Chumvi hapana, bizari hapana. Kila kitu kingine, alisema, kina mkebe wake. Unga ule ulikuwa wa mchuzi, na ulikuwa pia na kazi nyingine ambayo mimi, binti wa miaka saba, sikuijua.

Asubuhi moja nikauangusha mkebe. Unga wote mchangani. Nilijaribu kuuzoa, nikajifuta machozi kwa mkono ule ule, sasa nikawa mkosaji na kipofu juu yake. Nilikimbilia kwa jirani yetu Bi Somoe, mwanamke mpole ambaye hakujaliwa mtoto na aliyetupenda kama wake. Alinisafisha macho, akanicheka kidogo, halafu akanijazia mkebe kwa pilipili yake ya pakiti ili nisipigwe. Nyekundu kwa nyekundu, tofauti iko wapi? Nilirudi nyumbani kwa furaha.

Kesho yake mdogo wangu Abdala, mtoto wa miezi mitatu, akawa analia tu na kukataa ziwa. Bibi akakumbuka kwamba majuzi Bi Somoe alimpakata, akamsifu mashavu, na hakutia Mashaallah. Akaleta chetezo cha makaa, akachota unga mkebeni, akamzungushia mtoto kichwani mara saba, akautupa motoni. Kwetu jicho hupimwa hivyo. Moshi wa pilipili ukiwakohoza watu, mtoto hana kitu. Wasipokohoa, kuna mtu kamtupia jicho.

Hakuna aliyekohoa. Nyumba ilinukia mchuzi, lakini bibi pua yake ilikwisha malizwa na ugoro zamani, na mama alikuwa akilia, hata ungemfukizia udi asingejua. Mimi nilipiga chafya moja. Bibi akasema chafya haihesabiwi. Kisha akalitaja jina la Somoe, polepole, na mama akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

Tangu siku hiyo Bi Somoe hakupewa tena Abdala. Mama, aliyekuwa akiazimana naye kapulana za kujifunga na chekeche, akawa anaitikia salamu yake huku anatazama chini. Kisimani wanawake walimpisha, na si kwa heshima. Mimi nikachanganyikiwa kabisa. Nilijua unga ulikuwa wa nani, lakini sikujua hilo lina maana gani. Labda pilipili yake ilikataa kukohoza kwa sababu ni yake? Nikamuuliza bibi kama pilipili zote zina moshi mmoja. Akanijibu, pilipili ya shamba yakuwashiani? Nikanywea.

Kilichonichanganya zaidi ni Bi Somoe mwenyewe. Habari za ule moshi zilienea, na yeye alijua alichonitilia mkebeni. Neno moja lingetosha. Nililingoja. Tukikutana njiani ananitazama kidogo, anapita zake. Basi kwa akili yangu ya kitoto nikaamua kwamba anayenyamaza ana lake jambo, nikaanza kumwogopa mimi pia. Nikipita mbele ya nyumba yake nilikuwa najifunika uso. Naona haya hata kulisema.

Abdala alipona baada ya siku nne. Lilikuwa sikio tu, usaha ulipotoka akanyamaza. Jina la Bi Somoe halikupona, na bibi alifariki miaka mingi baadaye na uhakika wake.

Nilipoanza kupika kwangu ndipo nilipotambua kwamba kijiko cha pakiti kina pilipili kidogo tu, vingine ni viungo na chumvi. Nilisimama jikoni na kijiko mkononi. Wiki hiyo hiyo nikapanda shapa kwenda Kionga. Nilimkuta Bi Somoe, mzee sasa, anachambua mchele, nikamshika miguu, nikamweleza yote. Hakuinua hata kichwa.

"Nilijua tangu siku ile, mwanangu," alisema. "Ningesema, bibi yako angekupiga. Na mimi wasingeniamini."

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nikakaa nikamsaidia. Hilo la kupigwa nimemshukuru, na nitamshukuru mpaka nife. Ni hilo la pili linalonikaba. Ni kweli, yeye wasingemwamini. Mimi wangeniamini.